Vipimo vya Saa Sita na Dakika Kumi

Asubuhi hiyo ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulifurika mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Kinyozi alikuwa na namba tisini na nne mkononi, na kibao cha juu ya dirisha kilisoma thelathini na moja. Pembeni yake alikaa baba yake, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, mikono kaikunja kifuani, kanuna kama mtoto aliyenyimwa kwenda kucheza.

"Baba, vumilia kidogo tu."

"Mimi siumwi. Nilikuwa mzima mpaka uliponileta hapa."

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akatoka msichana aliyekumbatia boksi. Alivaa sketi ya bluu iliyokoza na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi barabara, nywele kazibana kwa kibanio cha rangi ya chungwa, miguuni viatu vya chini visivyo na kelele. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa hospitali. Wenzake walimwita Hakiki, kwa sababu hata saa ya ukutani hakuiamini mpaka ailinganishe na ya simu yake.

"Jamani, nani ana mgonjwa wa presha na simu janja? Natafuta watu kumi."

Kinyozi alinyoosha mkono kabla hajaelewa kinachotafutwa. Wenye maneno watasema alitaka kuruka foleni. Ni kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kile kibanio cha rangi ya chungwa.

Hakiki aliwaingiza kwenye chumba kidogo chenye kompyuta mbili na kabati la mafaili ya zamani. Akamvisha mzee mkanda wa mashine ya presha. Ulipoanza kujaa upepo na kumbana mkono, mzee alifumba macho na kugeuza uso ukutani. Mia na sitini na nane kwa tisini na nane.

"Kila asubuhi kabla ya dawa mnapima hivi," Hakiki alieleza. "Namba inatoka kwenye mashine inaingia kwenye simu, kutoka kwenye simu inakuja kwangu. Mimi naihakiki, ndipo iingie kwenye faili la mzee. Daktari anaiona bila nyie kuja kupanga foleni."

"Kwa hiyo kila asubuhi utakuwa unaniona?" Kinyozi aliuliza.

"Nitakuwa naona namba za baba yako."

"Na namba zisipokuja?"

"Nitakupigia simu."

Yale maneno mawili Kinyozi aliondoka nayo, pamoja na mashine.

Wiki ya kwanza mzee alipimwa huku akinung'unika. Wiki ya pili, asubuhi moja, wateja walijaa mapema na Kinyozi akatoka nyumbani bila kupima. Saa tatu simu ikalia.

"Kipimo cha mzee hakijafika."

"Hata salamu hamna?"

"Habari za asubuhi. Kipimo cha mzee hakijafika."

"Sauti hiyo ningeisikia kila siku, ningepona hata magonjwa ambayo sina."

"Mgonjwa si wewe, kaka yangu. Kipimo."

"Nitapima jioni. Lakini umekula?"

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Liongeze."

Alicheka. Alijizuia, akashindwa, akakata simu haraka. Kinyozi alibaki ameshika wembe hewani mpaka mteja akamkumbusha kwamba bado ana ndevu upande mmoja. Tangu siku hiyo, asubuhi ambazo mashine ilisahauliwa mezani zilianza kuwa nyingi, na si kwa bahati mbaya. Alikuwa anaiacha makusudi ili apigiwe. Mtu mzima, mwenye duka lake na viti vitatu vya kuzunguka, anajifanya msahaulifu kwa ajili ya simu ya dakika mbili!

Jumatatu hakufungua duka, na Jumatatu Hakiki alitoka kazini mapema. Wakaanza kukutana kwenye bustani ya mji, chini ya kibanda cha chuma kilichopakwa rangi ya kijani. Hakiki alikuja na gauni la maua madogo madogo, Kinyozi na shati lililonukia sabuni. Walitembea wakizunguka kidimbwi, na alipomshika mkono mara ya kwanza, Hakiki hakuutoa.

"Wewe unapenda nini kwangu?" Kinyozi aliuliza.

"Kwamba unamtunza baba yako. Nina wagonjwa sitini kwenye orodha. Wengine watoto wao hata namba zao za simu hawataki kunipa."

Ilikuwa sifa nzuri mno, na ndiyo iliyomponza. Kesho yake Hakiki alipiga simu kwa sauti ya kazini. "Sikiliza, mpenzi. Mzee ana mapengo mengi. Akikosa siku tatu nyingine, mfumo unamtoa. Atarudi foleni, na mimi sitaweza kumtetea."

Kinyozi alikwenda nyumbani mbio. Lakini mzee naye alikuwa amekata kauli. Mashine kaifunga kwenye mfuko wa plastiki, kaitupa juu ya kabati.

"Dawa nitameza. Mkanda huo hautanigusa tena."

"Kwa nini, Baba?"

"Sitaki. Basi."

Alimbembeleza asubuhi, akambembeleza jioni. Ilipofika siku ya tatu aliibeba mashine hadi dukani. Saa sita mchana, wateja walipopungua, alijifungia nyuma ya pazia, akavaa mkanda kwenye mkono wake mwenyewe na kubonyeza. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Namba ikaruka kwenda hospitalini. Dakika tano baadaye ujumbe ukaingia: "Safi sana! Mzee anaendelea vizuri. Hongera na wewe, mwanawe. Nakupenda."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwandikia hivyo. Sasa mwambie mtu aliyepata ujumbe wa namna hiyo aseme, samahani, ule mkono ulikuwa wangu. Alijiambia ni kwa siku moja tu. Siku moja ikawa wiki, wiki ikawa mwezi na ushee, na mwezi wote huo Hakiki alichanua.

"Leo nimelitumia faili la mzee kama mfano mkutanoni," alimwambia bustanini Jumatatu moja. "Daktari kafurahi mpaka kanipigia makofi. Na amempunguzia dawa. Badala ya vidonge viwili, kimoja."

"Kimoja?"

"Kimoja! Si habari njema?"

"Njema," Kinyozi alisema.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Hakusema. Alimpa baba yake vidonge viwili vilevile mpaka vya zamani vikaisha, siku tisa, kisha akaanza kumpa kimoja huku akimtazama usoni kila asubuhi kama anayesubiri hukumu. Mzee alionekana na nguvu, na Kinyozi akajipa moyo kwa hilo.

Siku ya sita kikombe cha chai kikamponyoka mzee. Alitaka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Kinyozi alimbeba mikononi hadi barabarani, miguu haina viatu, akisimamisha kila gari.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyepoteza maneno. Alimpima mzee: mia na tisini na nane kwa mia na kumi na mbili. Akafungua faili, akasoma mwezi mzima wa namba za kijana, akamwita Hakiki.

"Hii mashine yao imekufa?"

Hakiki aliijaribu mashine kwenye mkono wake, kisha kwa wauguzi wawili. Haikuwa na kasoro. Alirudi kwenye kompyuta na kwa mara ya kwanza hakutazama namba, alitazama saa. Kisha akatazama siku. Akainuka.

Alimkuta Kinyozi kwenye korido, bado hana viatu.

"Mzee anaendeleaje?" Kinyozi alisimama. "Wamesema nini?"

"Wamesema kiharusi kidogo. Ataishi. Mkono wa kushoto bado hawajui." Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi. "Vipimo thelathini na moja. Vyote saa sita na dakika kumi, au kumi na tano. Na kila Jumatatu hakuna kitu. Ni nani hafanyi kazi Jumatatu?"

Kinyozi alikosa pa kuuweka uso. "Ni mkono wangu."

"Wako."

"Alikataa kupimwa. Ulisema mtamtoa. Halafu ukaniandikia ule ujumbe, na mimi..."

"Ulinitazama usoni kule bustanini nikikusimulia ile habari ya mkutano."

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi uongo! Na baba yako kalazwa kwa furaha yangu." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira kwa mkono wa blauzi. "Wale wengine wote nilikuwa nawauliza, nawasumbua. Wewe peke yako sikukuuliza. Unajua kwa nini?"

Alijua. Hakiki alikuwa amemwamini.

"Usinipigie," Hakiki alisema, akaondoka na viatu vyake visivyo na kelele.

Daktari hakumfukuza Hakiki kazi, lakini alifunga mlango wa vipimo vya simu. Mpaka ijulikane uongo umeingia wapi na wapi, hakuna namba ya nyumbani itakayoingia kwenye faili la mtu yeyote. Wagonjwa wote sitini wakarudi foleni, wakiwemo wanaotoka mbali na wanaotembea kwa fimbo, na kila mmoja alipopita dirishani alimuuliza Hakiki kulikoni. Alijikaza kisabuni. Nyumbani dada yake alimkuta amekaa na chakula kimepoa.

"Mpigie basi," dada alisema.

"Nimwambie nini? Simuamini, na nimemkumbuka. Yote mawili."

Kinyozi alikuja wodini asubuhi na jioni. Hakiki naye alikuja mchana, saa ambazo alijua mwenzake yuko dukani. Alimletea mzee magazeti, kwa kuwa mzee alipenda kukagua kama wino umekaa sawa.

"Mzee wangu," alimuuliza siku moja, "kwa nini ulikataa mkanda?"

Mzee alikunja gazeti polepole kwa mkono mmoja. Hakuna aliyewahi kumuuliza namna hiyo, kwa utulivu, bila haraka ya kupata kipimo.

"Mama yake huyu kijana," alisema. Ulimi bado ulikuwa mzito. "Siku ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono huu. Mkono mwingine ulikuwa na mkanda. Unajaa, unapungua. Unajaa, unapungua. Halafu nesi akauvua, akaukunja vizuri, akauweka kwenye kikapu. Mimi nikajua." Alipumua. "Kila mkanda ukinibana, nakuwa pale tena, mwanangu. Kila asubuhi, kabla hata ya chai."

Hakiki aliushika ule mkono dhaifu. Kwenye programu ya simu kulikuwa na sababu nne za kutopima: amesahau, amesafiri, mashine mbovu, hana intaneti. Yeye ndiye aliyeziandika, na wakati ule alijiona kamaliza.

"Mwanao anajua?"

"Hajui. Angejua, naye angelia. Sikutaka tulie wawili."

"Mwambie, mzee. Nakuomba."

Mzee akamwambia. Alimwambia jioni hiyohiyo, na walilia wawili, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Kisha akaongeza: "Yule binti analipa makosa yetu sisi wawili. Wamemfungia kazi yake. Nenda."

Asubuhi Kinyozi aligonga mlango wa Daktari, kavaa suruali ya kitambaa na shati jeupe, amenyolewa na mwenzake wa dukani. Hakiki aliitwa. Alipomwona, aligeukia dirishani.

"Sikuja kujitetea," Kinyozi alisema. "Nimekuja kusema kipi changu na kipi cha Baba. Kimoja baada ya kimoja."

"Utakumbukaje mwezi mzima?" Daktari aliuliza.

"Nakumbuka vichwa, Daktari. Kila nilipotoka nyuma ya pazia kulikuwa na kichwa kinanisubiri."

Waliketi mbele ya kompyuta, viti vikigusana kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo. Hakiki alisoma kwa sauti kavu ya kazi.

"Tarehe tisa."

"Mimi. Nilikuwa nanyoa mwalimu wa hesabu, ana kovu kisogoni."

"Tarehe kumi."

"Mimi. Mapacha. Mmoja alilia, mwenzake akamcheka."

"Kumi na moja. Cha saa sita hakipo, kuna cha asubuhi. Mia na sitini na sita kwa tisini na saba."

"Huyo ni Baba. Jirani alikuja kumtembelea, Baba akajitia ushujaa mbele yake. Ndiyo mara moja tu."

Kidole cha Hakiki kilisimama. Alikisoma kile kipimo mara ya pili.

"Hiki nilikiweka pembeni," alisema taratibu. "Sikukiingiza kwenye faili. Hakikufanana na vingine, nikadhani mzee kapima ametoka kutembea. Sikupiga simu kuuliza." Akamgeukia Daktari. "Kipimo pekee cha kweli mwezi ule, mimi ndiye niliyekitoa. Nilipenda vile vizuri."

Daktari aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Andika hivyo hivyo," alisema. "Yote. La kwake na la kwako." Akatoka, akauacha mlango wazi.

Waliendelea hadi mwisho. Waliporudi kwenye yale mapengo ya mwanzo, Hakiki aliuliza kama kweli alikuwa msahaulifu kiasi kile.

Kinyozi alijikuna shingo. "Hayo niliyaacha makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Ili unipigie."

Hakiki aliweka kalamu chini. Alitaka kukasirika; alijitafuta na hasira hakuiona. Kilichotoka kilikuwa kicheko chenye machozi ndani yake. "Wewe mtu! Si ungeniomba namba yangu tu?"

"Niliogopa utaninyima."

"Ningekunyima," alikiri. "Wiki ya kwanza."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na wewe nisamehe mimi."

"Basi nataka kukuoa."

"Subiri!" Alisimama, akarudisha kiti mahali pake, akalainisha sketi ambayo haikuwa na kunyanzi. "Hilo silijibu leo. Wala sitalijibu kwa simu, wala kwa ujumbe. Nikishajua, nitakuletea jibu mwenyewe kwa miguu yangu."

Vipimo vya simu vilifunguliwa tena baada ya wiki tatu. Hakiki alikuwa ameongeza sababu ya tano kwenye orodha: "Amekataa. Nipigie tuongee." Wiki ya kwanza tu watu kumi na wanane waliibonyeza. Mmoja alisema mkanda unamwacha na alama. Mwingine aliona haya kupandisha mkono wa gauni mbele ya mkwewe, mwingine hakuwa na sababu ila alitaka mtu wa kuongea naye, na Hakiki akaongea naye.

Mzee alirudi nyumbani. Asubuhi sasa walimpima mzee wakiwa wawili, baba na mwana. Kinyozi alimvisha mkanda mkono mmoja na kumshika ule mwingine, ule uliobaki mzito, na upepo ulipojaa mzee alifumba macho akasimulia jambo la mkewe: alivyokuwa akiimba vibaya, alivyowahi kumfukuza muuza mashuka aliyempandishia sauti. Kukawa na namba na hadithi kila siku. Namba zilikuwa mbaya mwanzoni. Kinyozi alizituma hivyo hivyo zilivyo. Hakiki alijibu kwa neno moja: "Imefika." Hakuongeza neno la mapenzi, na yeye hakuomba. Ilipita wiki moja, zikapita tano, na kila jioni Kinyozi alifunga duka akitazama barabara.

Hakiki alikuwa anasoma. Alizisoma zile namba mbaya moja moja, akizilinganisha na alichokikuta Daktari mzee alipokuja kliniki, na kila moja ilikuwa ya kweli, hata ile ya Jumapili ambayo ingefaa kufichwa.

Siku ya Jumatano, mchana, duka lilijaa. Kinyozi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha karani wa posta, nusu kipara, nusu msitu. Mlango wa kioo ukasukumwa. Hakiki alisimama kizingitini na gauni la maua madogo madogo, uso unamng'aa kwa jasho. Alikuwa ametembea kutoka hospitalini, jua lote lile.

"Ndiyo," alisema.

Mashine ya kunyolea ilizimika, na hakuna aliyejua imezimwa na nani.

"Sema tena," Kinyozi alinong'ona.

"Ndiyo. Nitaolewa na wewe. Ila sikiliza, na hawa wote wasikie. Sitaki uongo. Hata mzuri. Hata wa kunifurahisha."

"Hata mzuri," Kinyozi aliitikia. "Basi nianze sasa hivi. Naogopa. Naogopa siku moja utaniangalia kama ulivyoniangalia kule korido. Naogopa kila siku."

"Na mimi naogopa," Hakiki alisema. "Nimekuja hivyo hivyo."

"Na la pili," Kinyozi aliongeza, "huyu bwana nimemkata vibaya huku nyuma."

"Nini?" Karani wa posta aliruka kitini akitafuta kioo, na duka zima likavunjika mbavu. Kinyozi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kitambaa cha mteja begani.

"Mmalizie kwanza mwenzetu," Hakiki alisema. Alikwenda kukaa kwenye benchi la wateja, akaweka mkoba mapajani, akamsubiri.